Nimezoea lami ya Mjini, sasa nimeandikishwa mbio za nyika Pemba

Mwalimu, Assalamu alaykum.

Mie ni mwanamke wa miaka 31, nafanya kazi ofisini hapa Chake Chake. Nimezaliwa na kukulia Mjini Unguja, na mwaka jana nikahamishiwa Pemba kikazi. Kule Mjini nilikuwa kwenye klabu ya mazoezi, hizi za kukimbia alfajiri huku mnaimba. Kidogo kidogo nikaanza kukimbia peke yangu barabarani, na sasa kilomita 5 nazimaliza kwa dakika 34 bila kusimama. Simu naifunga mkononi, kila kilomita inanitajia nimetumia dakika ngapi, na mie nakwenda kwa hesabu hiyo.

Sasa ofisi yetu inapeleka timu ya wanawake kwenye mbio za nyika, taasisi kwa taasisi. Kila timu ina watu sita, na wanne wanaotangulia ndio wanaohesabiwa. Jina langu liliandikwa nikiwa likizo. Niliporudi na kuuliza, nikajibiwa, "Si wewe ndiye mkimbiaji wetu?" Ni kilomita 6, mizunguko mitatu, kwenye vilima vya nyasi wanakofungwa ng'ombe. Mbio ziko kipupwe hiki hiki, zimebaki wiki tano.

Jumapili nilikwenda kuijaribu njia. Mwalimu, nusura nilie. Kilima cha kwanza nilikipanda kwa nguvu zangu zote ili muda usiharibike, na nilipofika juu miguu ilikuwa imekwisha. Simu ikanitajia kilomita ya kwanza: dakika 8 na nusu! Kuteremka nako niliogopa, nikawa najivuta nyuma, nyasi zina umande, nikateleza na kukaa kitako mbele ya watoto waliokuja kuteka maji. Nilikimbia mizunguko miwili kasoro nikaacha. Siku mbili baadaye nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kwa kushika ukuta.

Wenzangu wawili ni wasichana waliokuwa wakikimbia tangu skuli, hao sina shaka nao. Ninachoogopa ni mie kuwa wa mwisho na kuiangusha timu. Juu ya hayo, mama mkwe kasikia, anasema si vizuri mke wa mtu kukimbia makondeni watu wanamtazama. Mume wangu hana neno. Lakini na mie najiuliza nivae nini, na hizi raba zangu za barabarani zitafaa? Au nijitoe mapema, wapate kumtafuta mwengine?

Bint Mjini, Chake Chake

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Usijitoe. Mtu anayekimbia kilomita 5 bila kusimama ana pumzi ya kutosha kumaliza 6 za nyika. Kilichokushinda Jumapili ni ile simu.

Wewe umezoea kuuliza "dakika ngapi?", na mbio hizi swali lao ni "wa ngapi?" Ndiyo maana mbio za nyika hazina rekodi ya dunia. Mbio za barabarani zinayo na za uwanjani zinayo, ila za nyika hazina, kwa sababu hakuna njia mbili zinazolingana. Mwaka 2007 mashindano ya dunia yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, katika joto la Machi. Mwaka 2019 yakafanyika Aarhus, Denmark, na wakimbiaji wakapandishwa juu ya paa la jumba la makumbusho, paa lililooteshwa nyasi na lenye mteremko mkali. Utazilinganisha vipi dakika za huku na za kule? Basi na dakika zako za barabara ya lami usizipeleke kwenye malisho ya ng'ombe. Dakika 8 na nusu kwenye kilomita yenye mlima na nyasi ndefu si aibu hata kidogo, na kwenye karatasi ya matokeo hakuna atakayezitafuta.

Siku ya mbio simu iache kwenye mkoba. Kuanzia leo ukienda mlimani iache nyumbani, ujifunze kipimo kingine, nacho ni pumzi. Mahali tambarare uwe unaweza kusema sentensi fupi huku unakimbia. Ukipanda, uwe bado unaweza kutamka "Subhanallah" mpaka mwisho bila kukatika katikati. Ikikatika, punguza hapo hapo, usingoje kufika juu. Mlimani hatulindi mwendo, tunalinda juhudi: juhudi ibaki ile ile, mwendo ushuke utakavyo. Ulichofanya Jumapili ni kinyume chake, uliushikilia mwendo ukaiacha pumzi ipande, na mwili ukaja kudai chake pale juu.

Hilo halikukukuta wewe peke yako. Machi 2017 mashindano ya dunia ya nyika yalifanyika Kampala, na Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa anaongoza mbele ya watu wa nchi yake, kaacha nafasi nzuri nyuma yake. Mzunguko wa mwisho mwili ukagoma. Akawa anayumba, watu wanampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, kule Aarhus kwenye lile paa, huyo huyo akawa bingwa wa dunia. Miguu ni ile ile, ila safari hii nguvu zilimfikisha kwenye mstari.

Tuje kwenye vilima vyenyewe. Vilima vya Pemba ni vifupi na vikali, na hujamaliza kimoja umeshaingia bondeni unakabili kingine. Kwa hiyo kinachomaliza watu ni ule mkusanyiko wa vilima vyote, maana kimoja kimoja wengi wanakiweza. Unapokaribia kupanda, fupisha hatua kabla mlima haujakufupishia. Hatua ziwe ndogo ndogo na za haraka, mguu utue chini ya mwili wako, usiurushe mbele. Inama kidogo mwili mzima kuanzia vifundo vya miguu, usijikunje kiunoni, maana ukijikunja unalibana tumbo na pumzi haipiti. Macho yatazame nyasi za hatua chache mbele, usitazame kileleni. Na mikono uifanyishe kazi, viwiko vivutwe nyuma, kwani miguu huufuata mkono. Sehemu iliyo kali kabisa ukiona mwendo wako umekuwa sawa na wa anayetembea, basi tembea, tena kwa nguvu, viganja juu ya mapaja. Hakuna sheria inayokukataza, na wengi hutoka pale na pumzi nzuri kuliko aliyeng'ang'ania kukimbia.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wa nyika hawaambiwi. Mtu akifika juu hushusha pumzi, hulegeza mabega, hujipongeza. Hapo ndipo pa kumpita. Wewe ukifika juu endelea hatua ishirini thelathini kwa juhudi ile ile, ndipo ulegeze. Kama ulipanda kwa akili utakuwa na nguvu hizo, na utashangaa watu wangapi utawapata bila kuongeza kasi yoyote.

Kuteremka ndiko kulikokuangusha, na kutaka kujizuia ndiko kulikoleta ajali. Ukijivuta nyuma, kisigino ndicho kinachotua mwanzo, na kisigino kwenye nyasi zenye umande hakina cha kushika. Mwili uwe sawa na mteremko, uegemee mbele kidogo, magoti yawe na mkunjo, hatua fupi tena za haraka sana, mguu utue bapa. Mikono ifungue kando uwe na mizani, usione haya, hata mabingwa hushuka wamejitanua hivyo. Kama unaona unakwenda kasi kuliko unavyotaka, ongeza wingi wa hatua, usirefushe hatua. Na usiteremke moja kwa moja pale penye utelezi, kata kidogo upande ikiwa nafasi ipo.

Yale maumivu ya ngazi za ofisini nayo yalitokana na kuteremka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hukaza huku inavutwa, ndiyo breki zako, na kazi hiyo huichana kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji siku ile, huja kesho yake na keshokutwa, kisha huondoka yenyewe. Habari njema ni kwamba misuli ikishapitia hayo mara moja hujirekebisha, na ukiirudia ndani ya wiki chache maumivu hupungua sana. Kwa hiyo Jumapili ile haikupotea. Rudi mteremkoni mapema, kidogo kidogo, ili siku ya mbio isiwe mara yako ya pili.

Mazoezi ya wiki hizi tano usiyafanye mengi. Siku moja kwa wiki tafuta kilima kinachokuchukua kama dakika moja kukipanda, kipande mara nne, ushuke kwa kutembea. Wiki inayofuata mara tano, na kuanzia wiki ya tatu uwe unashuka kwa kukimbia taratibu. Siku nyingine kimbia nusu saa kwenye nyasi, uwanja wowote wa mpira wa mtaani unatosha, miguu izoee kukanyaga ardhi isiyorudisha nguvu kama lami. Siku ya tatu kimbia barabarani kama kawaida yako, jifurahishe. Siku zilizobaki pumzika au tembea. Wiki ya mwisho punguza nusu ya kila kitu, na mteremko usiuguse kabisa.

Raba zako za lami zitafaa ikiwa nyasi ni kavu. Zikiwa na umande au mvua ya usiku, soli bapa haina msaada. Tafuta raba zenye meno chini, kwenye mitumba hupatikana kwa bei ya kawaida ukizisaka mapema, kisha ukimbie nazo si chini ya mara tatu kabla ya siku yenyewe. Viatu vya njumu vya mpira wa miguu watu huvivaa, lakini ni vigumu, na ardhi ikiwa kavu vinachoma nyayo. Peku usijaribu, hata ukiwaona vijana wa hapa wanaruka peku. Wao nyayo zao zimekulia humo. Kamba za viatu zifunge fundo mara mbili na ncha uzichomeke ndani.

Umesema njia inapita wanakofungwa ng'ombe. Basi siku moja kabla, au asubuhi ile ile, itembee njia yote kwa miguu, usikimbie. Kamba ya ng'ombe ikinyooshwa ndani ya nyasi huioni mpaka iko kwenye kifundo cha mguu wako, na ng'ombe akihamishwa kigingi mara nyingi hubaki pale pale. Tazama mashimo, tazama palipotota bondeni, tazama njia inapobanwa na miti. Chagua mapema utapita kushoto au kulia kila penye tope. Na ukikuta ng'ombe kafungwa ndani ya njia, mwambie msimamizi, usiseme wenyewe wataona.

Mwanzo wa mbio utakutisha, nakuambia mapema. Watu hupangwa mstari mmoja mpana, filimbi ikilia wote hutimka kama wamefukuzwa, kwa sababu mbele njia inabana na kila mmoja anataka kuwahi. Usiingie katikati. Simama pembeni, kwenye ukingo wa mstari, uanze kwa mwendo wako. Utajikuta nyuma dakika mbili za mwanzo, na moyo utakuambia ndiyo yale yale uliyoyaogopa. Uache useme. Mzunguko wa kwanza uwe wa kutazama, wa pili wa kujishikilia, wa tatu ndio wa kuhesabu migongo: chagua mgongo mmoja mbele yako, ufikie, kisha chagua mwengine. Waliotimka wataanza kurudi mikononi mwako kwenye kilima cha mzunguko wa pili.

Kuhusu kuiangusha timu, hebu tufanye hesabu, kwa sababu naona wenzio hawakukufafanulia. Kwenye nyika pointi ni nafasi yako: wa tano ni pointi 5, wa ishirini ni 20, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Tuseme timu moja watu wake wanne wamekuwa wa 5, 9, 14 na 27. Jumla 55. Timu nyengine wamekuwa wa 8, 11, 15 na 20. Jumla 54, wameshinda, na mtu wao wa mbele kaachwa nyuma na wa wenzao. Umeona kikombe kililetwa na nani? Na yule wa 20. Hao wasichana wawili wa skuli wakiongeza bidii watapata nafasi mbili tatu, mbele hakuna watu wengi wa kuwapita. Huko nyuma ulipo wewe watu wamejazana, mlima mmoja ukiupanda vizuri unapita watano. Na hata ukiwa wa tano au wa sita katika timu yenu, kwa kawaida nafasi yako huwasukuma nyuma wa timu nyengine, pointi zao zikaongezeka.

Ukiwa wa mwisho je? Inawezekana, mtu mmoja lazima awe. Olimpiki ya London 2012, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 kajisitiri kichwa na mikono mirefu, akamaliza wa mwisho kwenye kundi lake, mbali nyuma ya wenziwe. Watazamaji wengi walisimama kumpigia makofi. Sikuahidi kwamba Pemba watasimama, watu wetu wana maneno, lakini ujue hivyo.

Na hapo hapo nimekujibu la mavazi. Suruali ndefu nyepesi isiyoburura, juu yake kanzu fupi ya kufika magotini iliyo pana chini ili usibanwe ukipanda, mikono mirefu. Pamba nzito usivae, ikishika jasho na umande inakuwa mzigo. Ushungi uwe wa kushonwa, wa kuvalia kichwani, usio na pini hata moja, kwa sababu ukianguka pini zinachoma na zikifunguka utakimbia mkono mmoja uko kichwani. Namba yako ibandike juu ya nguo ya nje kabisa, ionekane. Vazi zima lifanyie mazoezi mlimani mara moja.

Mama mkwe mpe heshima yake, usibishane naye wala usimtume mume akubishie. Mwendee wewe mwenyewe, mchukulie hilo vazi umuoneshe, umwambie ni mbio za wanawake, ni za ofisi, mume wako kakupa ruhusa, na wewe unaomba radhi zake. Wazee wengi wanaposema "watu watatazama" wanachokiona machoni ni kile wanachokiona kwenye televisheni, mabegani hamna kitu na mapajani hamna kitu. Akiliona vazi lako huenda akabadili kauli, huenda asibadili. Asipobadili, mumeo ndiye wa kusema neno la mwisho, na umesema hana neno. Mimi ningemkaribisha aje atazame.

Chakula usikibadilishe ghafla. Usiku wake kula wali au muhogo kama kawaida, nazi iwe kidogo. Asubuhi uji au boflo na chai, saa mbili hadi tatu kabla ya kukimbia, na ukitaka tende mbili ukikaribia kuanza. Urojo na vya kukaanga viache mpaka umalize. Kwa kuwa ni kipupwe, maji ya kawaida yanatosha. Zingekuwa mbio za kaskazi ningekuandikia mengine, maana pale Mombasa 2007 joto na unyevu vilimtoa njiani hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa mbio hizo kwa miaka. Na kama una pumu, presha, au una ujauzito, mwone daktari kabla ya kilima cha kwanza.

Kichomi cha ubavuni kikikushika, usisimame. Punguza mwendo, toa pumzi kwa nguvu na taratibu, bonyeza pale panapochoma kwa vidole. Mara nyingi huachia kabla hujafika bondeni.

La mwisho ni pale mwisho wa mbio. Ukivuka mstari utaingizwa kwenye kijia kilichozungushiwa kamba, watu wanapanga foleni kwa namna walivyofika. Usikae chini, usimpite aliye mbele, usimruhusu wa nyuma akupite, hata kama unatamani kutapika. Wanaandika namba kwa kufuata foleni hiyo, na nafasi uliyoitafuta vilima vyote vile inaweza kwenda kwa mwengine kwa sababu ulitoka pembeni kutafuta maji. Subiri namba yako iandikwe, ndipo uwatafute wenzio. Siku ya pili yake ngazi za ofisini zitakuuma tena, lakini si kama mwanzo.

Mwalimu